Mwanangu, usitangulie mbele

Mwanangu Hidaya,

Asalaam alaykum mama. Voisi yako nimeisikiliza mara tatu, ya kwanza nilikuwa na mteja napima kanzu nikashindwa hata kuandika namba. Unasema Jumamosi mnaandamana hapo Newport, Wales, na wenzio wa kazini hotelini, na wewe ndo umepewa kushika bango mbele. Mbele kwa nini, wenyeji wa hapo wameisha?

Ungejua ile picha ya hoteli ya Westgate ya hapo Newport uliyonitumia imenifanya nini. Nimekaa nasoma habari za hao Wachatisti, wale wa zamani waliodai haki ya kura, mpaka mama yako kazima taa kwa hasira. Watu maelfu wameshuka kutoka mabondeni kwenye migodi ya makaa, usiku kucha, mvua juu yao, Novemba 1839, wanafika Newport asubuhi wamelowa chapachapa, kumbe askari wako ndani ya ile hoteli wamejificha nyuma ya madirisha. Kilichofuata ni risasi tu. Wamekufa watu kama 22, na wengine walizikwa kimyakimya bila hata alama ya kaburi. Na walichotaka ni kura mama, kila mwanaume wa miaka 21 apige, apige kwa siri, mbunge alipwe na asiulizwe mali yake ili hata fundi aweze kukaa bungeni. Mwaka huohuo walishapeleka bungeni karatasi ina saini zaidi ya milioni 1, wakakataliwa.

Ila aliyeniuma ni yule kijana George Shell, seremala wa Pontypool, hata miaka 20 hajafika. Usiku ule kawaandikia wazazi wake kwamba anakwenda kupigania uhuru, Mungu akipenda wataonana, asipopenda wasimlilie. Kesho yake kafa. Nimesoma hapo nikainua mguu kwenye cherehani, manake na wewe voisi yako umeimalizia kwa "baba usiwe na wasiwasi".

Sikukatazi kwenda. Nenda, ila kaa katikati. Wanaobebwa ni wa mbele, siku zote. John Frost aliyewaongoza alikuwa muuza vitambaa, ameshakuwa meya wa mji huohuo unaokaa wewe, akahukumiwa kifo halafu wakambadilishia wakampeleka Tasmania, kisiwa cha mbali huko Australia. Na William Cuffay, Mchatisti mwingine, je? Mweusi, baba yake alikuwa mtumwa, yeye fundi cherehani London, mafundi wenzie waligoma 1834 akagoma nao kazi ikaota mbawa, 1848 wakamshika ana miaka 60, naye Tasmania. Alisamehewa 1856, hakurudi tena, kafia hukohuko.

Wewe uko kwa watu, una viza ya masomo, nani atakuja kukutoa? Na hukuniuliza kabla, hilo nalo limeniuma, umenipa taarifa kama jirani.

Ile barua yetu ya kiwandani tuliyoisaini wafanyakazi, mama yako atakuwa ameshakusimulia, kwa hiyo sirudii. Jina langu lilikuwa la nne. Asubuhi yake limekatwa na wino mwekundu, kalamu ilikuwa ya msimamizi ila mkono haukuwa wake. Watatu wa juu walifukuzwa, mimi nikabaki miaka sita mingine na ada yako ilitoka humo. Yule mzee wa pale kona unayemwamkia kila ukija, alikuwa wa pili. Ndo maana nguo zake sichukui hela. Hajawahi kuniuliza kwa nini.

Juzi nimemwambia kwamba umechaguliwa kushika bango. Alicheka mpaka akakohoa, akasema mtoto wako huyo. Nilifurahi bwana, siwezi kukuficha. Lakini kaa katikati, Hidaya.

Mama yako goti linamsumbua bado, hataki kwenda kupima. Bati la jikoni limeng'oka upande wa mwembe, fundi kaniahidi wiki ya tatu hii. Mdogo wako anasema anataka kuacha fizikia, ongea naye wewe, mimi ananiitikia tu. Ile hela usitume mwezi huu, lipa kodi yako kwanza.

Nimepata kitambaa kizito cha koti. Muombe mwenzio akupime bega kwa bega na urefu wa mkono, kwa sentimita, unitumie kabla ya Jumamosi. Na ukirudi hiyo siku unipigie, voisi sitaki, hata iwe usiku nitapokea.

Baba yako