Wenye maduka ya mtandaoni, tuachieni wateja tuchague jinsi ya kulipa

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kwenye gazeti lako niongee na wenye maduka ya mtandaoni, hasa hawa wa Dar wanaotuuzia sisi wa mikoani. Mi ni fundi cherehani hapa Makambako, kazi yangu kubwa ni sare za shule, na Desemba ndo mwezi ambao hatulali maana Januari shule zinafunguliwa na kila mzazi anataka ya mwanae itoke kwanza. Sasa Desemba iliyopita mota ya overloki, ile mashine ya kushonea kingo za nguo zisichanuke, ikaniungulia, na mezani nina sketi na mashati ya watoto thelathini na kitu yameshakatwa.

Nikaingia mtandaoni nikaiona mota kwenye duka moja la Dar, 185,000, picha safi, maelezo yapo, nikaweka kwenye kikapu nikajaza jina, namba ya simu mpaka kituo cha basi nitakachopokelea mzigo, kufika kwenye kulipa, kadi tu. Nikapandisha ukurasa nikashusha nikidhani nimepitiliza sehemu, hamna, kadi peke yake. Kadi ya benki ninayo jamani ila natolea hela ATM tu, kununulia mtandaoni haijafunguliwa, na benki jioni ile imeshafungwa. Hela yote ninayo kwenye simu mkononi na siwezi kuitoa.

Basi nikampigia mdogo wangu yuko Dar, nikamrushia hela, makato juu yangu, akalipa kwa kadi yake. Mota imekuja siyo, shafti yake nyembamba haikai kwenye mashine yangu. Duka walikubali kurudisha hela na kwa hilo siwalaumu, ila hela inarudi kwenye kadi iliyolipa, ya mdogo wangu, na ilichukua siku kumi na kitu ndo ikaonekana, alafu naye anitumie mimi, makato tena. Hela moja imesafiri mara nne na mota sina. Kama wangeweka malipo ya simu ingerudi kwenye simu yangu mwenyewe.

Duka la pili wao wanapokea kwa simu, nikafurahi, kumbe ombi la kuweka namba ya siri linakuja kwenye namba uliyojisajilia tu. Mi intaneti natumia laini ya Halotel, hela naweka Airtel, na ile Airtel iko kwenye kitochi changu kwa sababu kinakaa na chaji siku tatu. Nadhani nusu ya watu wa huku ndo tunaishi hivyo, laini ya bando ni moja na laini ya hela ni nyingine. Wangeweka tu kisanduku cha kuandika namba utakayolipia tungekuwa tumemaliza. Nikahamishia hela kwenye Halotel, ombi likaja, mtandao ukawa mzito, nimeweka namba ya siri hela imekatwa na ujumbe nimepata, ila kwenye duka inasoma oda haijalipwa. Nikawatumia namba ya kumbukumbu ya muamala, wananijibu subiri mfumo, siku mbili nzima nasubiri mfumo na wazazi wanakuja kuulizia sare mlangoni.

Wa tatu ni wale wa kukutumia namba kwenye WhatsApp, dada tuma hapa. Nikaanza kutuma, kabla ya kuthibitisha jina likaja la mtu, wala halifanani na la duka, nikaghairi. Pengine ni duka halali tu na hiyo namba ni ya shemeji yake, mi nitajuaje? Mtu ukishatapeliwa mara moja huwezi kutuma laki na themanini kwa jina usilolijua, wakati Lipa Namba ipo na inaleta jina la biashara kabla hujabonyeza, tena kwa simu yoyote hata kitochi, kama uko Airtel unaingia *150*60# unaenda kwenye kulipa basi.

Na siku hizi hakuna tena kisingizio cha mitandao kutosomana. Zamani ukimtumia mtu wa mtandao mwingine anapata namba za kwenda kutolea kwa wakala, ila kuanzia 2014 mitandao ikaanza kukubaliana, Vodacom nao wakaingia 2016, na sa hivi Benki Kuu (BoT) wana ule mfumo wao wa TIPS unaopitisha hela kutoka mtandao wowote au benki kwenda nyingine hapohapo, na ile TANQR ambayo mwenye duka anakuwa na alama moja anapokea kutoka kote. Kwahiyo duka kung'ang'ania njia moja ni uamuzi wao wenyewe.

Tena njia moja ni hatari hata kwao. Tunakumbuka Julai 2021 tozo ya miamala ilivyoanza, shilingi 10 mpaka 10,000 juu ya makato ya kawaida, watu wengi tulirudi kwenye noti mkononi. Wateja wangu wa vijijini walipanda gari kuniletea hela ya sare taslimu. Ningekuwa napokea kwa simu tu ningewapoteza wote.

Najua wenye maduka nao wana maumivu yao na nayaheshimu maana mi mwenyewe nafanya biashara. Ukiruhusu kulipa mzigo ukifika, mtu anaagiza, boda anatoka Kariakoo mpaka Mbagala, akipiga simu imezimwa, mafuta yameenda na mzigo unarudi. Na kwa sisi wa mikoani ndo kabisa, mzigo unakuja na basi, konda hawezi kukusanyia hela. Ila kuna njia ya katikati na nimeiona ikifanya kazi. Kuna duka nanunua nyuzi za overloki kwa katoni, natanguliza nusu kwa Lipa Namba, wanapeleka mzigo ofisi ya basi wanapiga picha katoni ikiwa na jina langu juu, nikishaiona namalizia nusu, wananitumia risiti ya mzigo na namba ya basi, limeondoka asubuhi Dar jioni niko stendi napokea. Anayetaka kulipa yote mara moja wanampunguzia nauli ya mzigo, na wa Dar anayeogopa kutanguliza hela analipa ya boda kwanza, ya bidhaa akishaiona. Miaka miwili sijawahi kugombana nao.

Makato pia yaandikwe. Kama kulipa kwa njia fulani kunaongeza elfu mbili niambieni mwanzo nikiwa nachagua bidhaa, msisubiri nimeshajaza kila kitu ndo jumla ibadilike, nitachagua mwenyewe kama niilipe hiyo elfu mbili au nipite njia nyingine. Na mkisema hela itarudishwa, andikeni inarudi wapi na kwa siku ngapi.

Ile mota nilikuja kuipata kwa fundi mwenzangu wa Njombe, iliyotumika, nikamlipa nusu taslimu nusu kwa simu, na sare za mwisho nimezikabidhi shule zikiwa zimeshafunguliwa wiki nzima, kuna mtoto wa darasa la kwanza alianza shule na gauni la nyumbani. Sa hivi natafuta mashine ya matundu ya vifungo, nimeshaiona kwenye maduka mawili ya Dar, na hela ipo kwenye laini yangu ya Airtel.

Mama fundi,
Makambako, Njombe