Mwambieni Bibi si mnyoo

Bergen, Norwei

Mama mpendwa,

Shikamoo. Bibi naye mpe shikamoo yangu. Mimi mzima, ila mvua ya huku haikatiki, utadhani masika ya Moshi yamehamia hapa moja kwa moja.

Juzi kwenye simu Bibi aliniuliza kama kweli nimevuka bahari kuja kusomea minyoo. Mtandao ukakatika kabla sijamjibu, na swali lile limenikaa rohoni. Msomee hapa.

Si mnyoo, Bibi. Ni ndugu wa konokono asiye na gamba, anaitwa solenogasta. Hata wataalamu wa zamani wapo waliomhesabu pamoja na minyoo, kwa hiyo hujakosea peke yako.

Huwa tunakokota tope kutoka chini kabisa ya bahari, tunalichekecha taratibu kwa maji baridi mpaka vidole vinakufa ganzi. Siku ya kwanza nilipata mmoja tu, wa milimita tatu hivi, mweupe wa kung'aa kama fedha. Nilipomweka chini ya hadubini nikaona kinachong'aa: mwili mzima umevikwa visindano vya chokaa, vimelala vimebanana. Nikamgusa kidogo, akajikunja. Baadaye akajinyoosha, akaanza kuteleza juu ya ute wake, kama wale konokono wanaopanda migomba yako asubuhi. Chini ya tumbo ana mfereji mwembamba tu, ndio uliobaki wa ule mguu wa konokono, yaani ile nyama pana anayotambalia. Wengi wao hula wanyama wa jamii ya matumbawe, na kila mmoja ni dume na jike kwa pamoja.

Na gamba lilikwenda wapi? Hapo ndipo ninapokosa usingizi. Mwaka 2012 wataalamu walitangaza kisukuku, yaani mabaki ya kiumbe wa kale yaliyohifadhika mwambani, kutoka Uingereza, cha miaka milioni 425 hivi: mwili kama wa mnyoo, lakini mgongoni vigae 7 vya gamba. Mwaka mmoja kabla ya hapo, uchunguzi wa vinasaba ulikuwa umewaweka hawa wangu karibu na kitoni, yule wa vigae 8 anayeng'ang'ania miamba ya pwani. Inaonekana basi mababu zao walikuwa na vigae, vikapotea.

Desemba nakuja nyumbani, nitawaletea picha. Yale magamba matupu ya konokono anayookota Bibi chini ya kahawa asiyatupe, nayahitaji.

Mwanao,
Neema