Bandari ya Mtwara inatuhusu pia sisi wa Kongwa

Mhariri,

Nauza karanga sokoni hapa Kongwa. Juzi mteja mmoja alinibishia kwamba sisi watu wa bara hatuna letu kwenye bandari. Basi na asikie habari za Mtwara.

Mikindani, jirani yake, ilikuwa bandari ya majahazi tangu zamani. Livingstone alianzia huko safari yake ya mwisho mwaka 1866. Meli kubwa zinataka kina. Ghuba ya Mtwara inacho, tena nchi kavu inaikinga na mawimbi ya bahari kuu. Waingereza waliijenga bandari hiyo kwa ajili ya karanga! Mpango wao wa kulima karanga, uleule ulioanza kufyeka pori letu la Kongwa mwaka 1947, ulikuwa na mashamba pia Nachingwea, kule kusini, na reli ikatandikwa kuzifikisha karanga baharini. Ukame ukaushinda, na udongo wetu huu, ambao kiangazi hukauka kama saruji (matrekta yalikoma). Mwaka 1951 ukaachwa. Reli iling'olewa baadaye, bandari ikabaki, na leo inapakia korosho.

Walimu wetu wazifundishe Kongwa na Mtwara katika somo moja. Watoto wa hapa wanapita kila siku penye mashamba yale bila kuambiwa lolote.

Muuza karanga,
Kongwa, Dodoma