Barua kutoka ndani ya gari la nyumba

Hamilton, Ontario
28 Aprili 2021

Kwako Baba Zuhura,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta buheri wa afya, wewe na mama watoto, na kama uko barabarani Mola akufikishe salama. Mimi sijambo, ila niko kizuizini. Usishtuke. Ni karantini ya siku 14, na leo ni ya kumi. Nakuandikia nikiwa ndani ya gari lenye jiko, kitanda na choo, limeegeshwa uani kwa jirani yangu, na kutoka dirishani naiona nyumba yangu mwenyewe ng'ambo ya barabara. Watoto hunipungia mkono jioni.

Nianze mwanzo. Huyu jirani ni mzee wa miaka 78, na kila mwaka yeye na mkewe huikimbia baridi wakaenda Florida. Wazee wa Kanada wengi hufanya hivyo, na wengi wana haya magari ya nyumba, motohomu, marefu kama basi. Korona ilipoingia Machi 2020, wao walirudi haraka kwa ndege, gari wakaliacha hukohuko. Mpaka wa barabara ukafungwa tarehe 21 mwezi huo kwa kila asiye na safari ya lazima. Lakini angani Mkanada aliruhusiwa kuingia Marekani! Kwa hiyo Novemba wazee wakapanda ndege wakalifuata gari lao. Kufika Machi mwaka huu macho ya mzee yakawa hayamsaidii tena. Akanipigia simu: "Wewe ni dereva wa basi, njoo uturudishe nyumbani." Ningekataaje? Ndiye aliyenifundisha kukoka moto wa kuni majira yangu ya baridi ya kwanza huku.

Nikaomba likizo, nikaenda. Na hapo ndipo nilipoanza kuzielewa hizi sheria za kupimwa korona kabla ya kuvuka, maana kila upande una hesabu yake. Marekani, tangu tarehe 26 Januari, abiria wa ndege lazima awe amepimwa ndani ya siku 3 kabla ya safari, na kile kipimo cha haraka cha dakika 15 wanakikubali. Kanada wao wanahesabu saa 72, na hicho cha haraka hawakitaki kabisa. Wanataka cha maabara, PCR au mfano wake. Kwa ndege walianza Januari; kwa wanaovuka kwa barabara walianza tarehe 15 Februari, na lazima kipimo kifanyike huko Marekani. Kila mwenye miaka 5 kwenda juu. Raia hawezi kurudishwa, lakini akija bila cheti anaweza kutozwa faini hadi dola 3,000.

Sasa sikiliza ugumu wake, wewe dereva utanielewa kuliko mtu yeyote. Saa 72 hazianzi majibu yanapotoka. Zinaanza pale kijiti cha pamba kinapoingia puani, na zinakwisha pale tairi linapofika kwa ofisa wa mpaka. Majibu yenyewe huchukua siku moja, mara nyingine mbili. Kutoka Florida ya kati hadi Buffalo, mji wa Marekani ulio mpakani, ni karibu kilomita 2,000, na bibi wa watu ana mgongo, kila baada ya saa mbili lazima nisimame ajinyooshe. Mtu wa ndege hupimwa leo, kesho kutwa yuko angani saa tatu tu, amefika. Sisi tungepimwa Florida, cheti kingetufia njiani.

Basi nikafanya kama tulivyokuwa tukifanya zamani mimi nikiwa utingo wako: nikachukua karatasi nikapiga hesabu kwa vituo. Tukaondoka Jumatano. Ijumaa asubuhi, saa 4 kamili, tukapimwa Charlotte, North Carolina, kwenye dirisha la duka la dawa. Nesi akaniuliza kama tunataka kile cha haraka, majibu tuondoke nayo. Ningekuwa sijasoma ningesema ndiyo, na wapo waliosema ndiyo wakafika mpakani na karatasi isiyofaa kitu. Tukapanda milima ya Virginia na West Virginia, Jumamosi usiku tukalala Pennsylvania karibu na Erie, kwenye kambi ya magari ya nyumba. Majibu yangu na ya mzee yalikuwa yameshaingia kwenye simu. Ya bibi, bado.

Jumapili nzima tulikaa pale kambini. Sijawahi kuiona siku ndefu namna ile. Mzee hazungumzi, bibi kaishika simu mkononi kama tasbihi, kila dakika anaigusa iwake. Akaniambia, "Kama yangu haitakuja, ninyi vukeni, mimi nitabaki." Nitamwacha wapi, Baba Zuhura? Mama wa miaka 75, peke yake kambini, mgongo ule? Nilitoka nje nikaswali, nikakaa kwenye nyasi mpaka giza likaingia.

Jumatatu alfajiri, saa 12 kasorobo, simu ikalia. Hana ugonjwa. Kwa saa yetu zilikuwa zimebaki saa nne na robo. Tukafika Peace Bridge, daraja la kutoka Buffalo kuingia Fort Erie, Kanada, saa 3 na dakika 10. Zilibaki dakika 50.

Ofisa alikuwa na adabu. Aliangalia vyeti, jina la maabara, tarehe, saa, kisha ile programu ya ArriveCAN ambayo lazima uijaze kabla, pamoja na mahali utakapojitenga. Halafu akatuelekeza hemani tukapimwa tena! Hii nayo ni sheria, tangu tarehe 22 Februari: unapimwa unapoingia, unapewa boksi la kujipima ukiwa karantini, na kwa sasa ni siku ya 8. Nikajiuliza, na bado najiuliza: kama wana watu na vifaa vya kutupima papo hapo, na kisha tunafungiwa siku 14, kwa nini yule bibi alikeshwa Jumapili nzima kwa ajili ya saa 72? Kupima nakubali. Ugonjwa huu umewaua watu tunaowajua, sina ubishi nao. Ninachokipinga ni saa iliyopangwa kwa mwendo wa ndege, kisha akavishwa mtu anayekwenda polepole.

Na wakubwa wanaosafiri kwa ndege nao wana njia zao. Wanaotua Kanada hulazimika kukaa hotelini hadi usiku 3, na bei yaweza kufika dola 2,000. Basi wako wanaoshuka Buffalo, wakachukua teksi wakavuka daraja kama sisi, hoteli wakaikwepa.

Tulipokuwa kwenye foleni, upande wa pili malori yalikuwa yakipita. Huku dereva wa mizigo hapimwi wala hajitengi, wamesema kazi yake ni ya lazima. Nilikukumbuka, wallahi nilikukumbuka. Mwaka jana, Mei, uliponipigia kutoka Malaba, pale mpakani pa Kenya na Uganda: siku ya nne kwenye foleni inayorudi Bungoma, unapikia chini ya trela, majibu hayajulikani yako wapi, na watu wa vijijini wanawaita ninyi wenye korona. Nilikupa pole kisha nikaenda kulala. Sikujua nilichokuwa nakupa pole. Ninyi ndio mliokuwa mmebeba mafuta na chakula cha Kampala, mkafanywa ndio ugonjwa wenyewe. Kazi ni ileile, lori ni lilelile, mpaka mmoja umempa dereva heshima na mwingine ukamnyima. Naomba unisamehe kwa ile simu niliyoikata mapema.

Boksi la siku ya 8 nililifungua juzi. Nesi anakutazama kwa video ukijipima. Nilimsubiri kwa muda wa saa tatu na nusu. Nilikuwa nimefunga, nikampigia kwanza sheikh wa msikiti wetu, akaniambia kijiti cha pamba puani hakibatilishi saumu. Majibu bado. Nikiyapata nitakujulisha.

Jua huku linatua saa 2 na robo usiku, kwa hiyo bado kidogo. Mke wangu huvuka barabara na sufuria, huiweka juu ya ngazi ya gari, hugonga mara mbili na kurudi hadi kando ya ua. Nami hufungua mlango. Tunakula tende pamoja, yeye kule, mimi huku. Leo amesema ni mbaazi za nazi.

Nisalimie Zuhura na wadogo zake. Uniambie kama Malaba bado mnashikwa siku nyingi.

Ndugu yako,
Baba Rehema