Mtindi unalainisha nyama kweli, ila msiupe sifa zote

Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua nami nitoe ya kwangu. Kurasa za mapishi kila zikigusia habari ya nyama laini jibu ni lile lile, loweka kwenye mtindi usiku kucha, asubuhi nyama laini kama pamba. Mimi mtindi natumia sana na siachi leo wala kesho, lakini hiyo pamba inategemea umeloweka nyama ipi, na hapo ndo waandishi wenu wanakosea.

Asidi ya mtindi ni ya upole. pH yake, yaani kipimo cha ukali wa asidi, iko kama 4 na kitu, wakati limao na siki ziko 2 na kitu, na kwenye kipimo hicho namba moja tu ikishuka ukali unaongezeka mara 10. Ndo maana kuku aliyelala kwenye limao utamkuta kaanza kuwa mweupe kwa nje kama kaguswa na moto, ukimpika anakauka anakuwa kama chaki, ila kwenye mtindi anavumilia masaa mengi bila kuharibika. Papai bichi nalo ni moto wa kuotea mbali, lile linakata protini zenyewe, ukisahau kidogo tu nyama inakuwa uji.

Sasa kitu ambacho hakisemwi, mtindi hauingii ndani. Unafanya kazi juu juu, milimita chache basi, kwahiyo ukichukua pande kubwa la nyama ukalitumbukiza zima zima umelainisha ngozi tu, katikati iko vile vile ilivyotoka buchani. Kata vipande vidogo au vyembamba, ukate kwa kukatisha nyuzi za nyama sio kuzifuata. Halafu tia chumvi jamani! Chumvi ndo inayopenya mpaka ndani ikasaidia nyama ishike maji yake isikauke motoni, na nina uhakika nusu ya sifa unazopewa mtindi ni kazi ya chumvi iliyokuwemo humo. Kwa kilo moja kikombe kimoja cha mtindi usio na sukari (ule wa vanila na stroberi waachieni watoto) na kijiko kimoja na nusu cha chai cha chumvi vinatosha kabisa.

Na ile nyama ya muundi au shingo yenye makano, hata uiloweke wiki haiwi laini kwa mtindi, yale makano yanataka moto mdogo wa muda mrefu mpaka yayeyuke yawe mchuzi mzito, sasa mtu kasoma gazeti kanunua muundi kaloweka kachoma juu ya mkaa, meno yanauma, anasema mtindi uongo. Mtindi hauna kosa hapo, aliyeandika ndo hakusema ni nyama gani.

Masaa nayo mnayaandika kiholela. Samaki nusu saa imetosha, kuku wa vipande masaa mawili mpaka usiku mmoja, nyama ya ng'ombe au mbuzi usiku mmoja, ukipitiliza siku mbili tatu inaanza kuwa tepetepe kwa nje. Na hayo masaa ni ya kwenye friji, sio mezani, watu wanadhani ukali wa mtindi unaua wadudu wa kwenye nyama mbichi, hauui. Bakuli liwe la kioo au plastiki, sufuria ya alumini hapana maana asidi inaila.

Kabla ya kuchoma kung'uta mtindi uliozidi au ufute kwa mkono, usioshe. Ukiacha tope lote limeganda juu linaungua jeusi kabla nyama haijaiva, maana mtindi una sukari ya maziwa na protini zake, vile vile ndo vinaleta ile rangi ya kahawia na harufu inayoita majirani pale unapokuwa mwembamba. Mtindi uliobaki kwenye bakuli msiupake nyama inayotoka motoni, mwageni, au kama mnaona uchungu uchemsheni kabisa uwe mchuzi.

Kwahiyo mhariri, mkileta tena mapishi ya mtindi mtuwekee nyama ya sehemu gani, ukubwa wa vipande, na masaa mangapi. Nafasi mkiona ndogo, punguzeni ukubwa wa picha.

Msomaji wenu wa jikoni