Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Mikutano ya robo mwaka imefanyika, ukaguzi wa matairi umefanyika, rambirambi kwa wenzetu wawili waliofiwa zimefika. Hayo mnayajua.

Nataka kulizungumzia daftari la mafuta, tunamoandika kilomita na lita za magari yetu, maana maneno yamekuwa mengi. Niliamua, na sijutii, kwamba wastani wa chama wa kilomita kwa lita upatikane kwa kujumlisha kilomita zote na kuzigawa kwa lita zote. Wenye magari madogo wakalalamika kuwa nimewashusha. Chukueni Vitz inayokwenda kilomita 20 kwa lita na pikapu yenye mzigo inayokwenda 5. Mtasema wastani ni 12.5. Lakini kila moja ikienda kilomita 100, Vitz itakunywa lita 5, pikapu lita 20. Kilomita 200 kwa lita 25 ni 8, na hiyo 8 ndiyo tunayoilipia pampuni.

Marekani, inayopima magari yake mapya tangu 1975, nayo hukokotoa kwa kufuata mafuta yanayotumika. Mwaka huo wastani ulikuwa karibu kilomita 5.6 kwa lita. 1987 ukafika 9.4, 2004 ukarudi 8.2. Injini hazikuharibika. Watu waliacha magari ya saluni wakanunua pikapu na magari makubwa, na ufundi mpya ukaishia kwenye nguvu na uzito. Wangeziacha pikapu nje ya hesabu, wasingeliona hilo. Ndiyo maana nilikataa ombi la kuyaondoa magari ya mizigo, na nitakataa tena.

Hapa Kenya kazi ni ngumu zaidi. Magari mengi huja yakiwa yametumika Japani, na namba zake za kiwandani zilipimwa kwa taratibu tofauti za majaribio, hili kwa ule wa zamani wa Japani uitwao JC08, lile kwa ule mpya uitwao WLTC. Hazijumlishwi hivi hivi. Foleni ya magari ya Changamwe, Mombasa, haimo katika hata moja. Kugawa petroli yote inayouzwa nchini kwa idadi ya magari nako kunapotosha, kwa kuwa jenereta na boti zinakunywa humo humo. Lililobaki ni kuandika barabarani, gari kwa gari, mwaka hadi mwaka.

Lakini kati ya wanachama 64, walioleta kumbukumbu ni 19. Nilikaa ofisini Jumamosi tatu tangu saa mbili asubuhi. Mmoja alileta risiti za mwaka mzima zimefungwa kwa mpira, bila kilomita hata moja iliyosomwa kwenye dashibodi. Iliniuma sana. Mkutano wa Septemba tulikuwa 14, akidi haikutimia. Wanachama 31 hawajalipa ada hata senti. Madaftari na uchapishaji, shilingi 11,600, nimetoa mfukoni mwangu. Risiti anazo mweka hazina.

Mwakani, tukijaliwa, tutapata miezi 12 mfululizo na kuiwasilisha kwa wahusika. Daftari jipya liko hapa mezani. Naomba kila mmoja aandike kilomita zake leo, kabla ya chai.