Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Mbeya: Tuwape Watoto Ramani ya Lugha za Nyanda Hizi

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

YAH: OMBI LA KUANZISHA RAMANI YA KIDIJITALI YA LUGHA NA MAJINA YA MAENEO YA NYANDA ZA JUU KUSINI

Kwa heshima na taadhima nakusalimu. Mimi ni mwalimu wa Jiografia katika shule ya sekondari ya serikali hapa mkoani. Nimeamua kuandika hadharani kwa sababu jambo ninaloliomba halimalizwi na mwalimu mmoja wala shule moja. Linawahitaji wazee, wazazi, watendaji wa mitaa na maafisa utamaduni, nami ningependa walisome pamoja nawe.

Naomba ofisi yako isimamie utengenezaji wa ramani ya kidijitali ya lugha na majina ya maeneo ya nyanda hizi. Sisemei ramani ya kubandikwa ukutani siku ya mgeni rasmi. Nasemea ramani ambayo mtoto wa Kiwira akiifungua kwenye kishikwambi cha mwalimu wake atakiona kijito kinachopita nyuma ya kwao, atakuta jina lake limeandikwa kama bibi yake anavyolitamka, na akiligusa atamsikia mzee wa kijiji akilitaja.

Wenzetu wameshaanza. Canada, mwaka 2015, Victor Temprano alianza kutengeneza ramani ya mtandaoni iitwayo Native Land, na baadaye ikawa chini ya shirika lisilo la kibiashara linaloongozwa na wenyeji asilia wenyewe. Anayeifungua huandika jina la mji, kisha huonyeshwa ni nchi ya watu gani, lugha zipi ni za pale, na mikataba ipi iliwahi kutiwa saini juu ya ardhi ile. Nilipoipeleka darasani tuliandika Vancouver. Wanafunzi walioujua mji huo kwa picha za maghorofa waliona umejengwa katika nchi ya watu wa Musqueam, Squamish na Tsleil-Waututh, na watu hao wapo hadi leo. Australia nako kuna ramani iitwayo Gambay, ya shirika la First Languages Australia, ambamo jamii zenyewe hushauriwa lugha yao iandikwe vipi na iwekwe wapi.

Lililowashika zaidi wanafunzi ni rangi. Katika atlasi za shule kila mkoa una rangi yake na mstari unaoutenga na jirani. Katika Native Land rangi hupandana. Eneo la jamii moja huingia ndani ya la nyingine, na mahali pengine hukutana tatu au nne kwa pamoja. Watengenezaji wake wanamtahadharisha msomaji mapema kwamba hayo si mipaka ya kisheria. Darasa zima liliona jambo lile lile: hivyo ndivyo tunavyoishi sisi.

Na ndivyo tulivyo, Mheshimiwa. Jiji la Mbeya limekaa katika nchi ya Wasafwa, chini ya mlima Loleza, lakini ukitembea sokoni Mwanjelwa utasikia Kinyakyusa cha watu wa Tukuyu na Kyela, Kikinga cha wafanyabiashara kutoka Makete, Kimalila cha wakulima wa Ilembo, Kinyiha cha Mbozi na Kindali cha Ileje. Ukishuka Mbarali unaingia kwenye Kisangu. Ukielekea Chunya unakutana na Kikimbu, na karibu na Ziwa Rukwa ipo Kibungu. Upande wa Makete pana Kiwanji, Ludewa pana Kipangwa, na kandokando ya Ziwa Nyasa pana Kikisi. Njombe ni Kibena, Iringa ni Kihehe, na salamu ya "kamwene" inapita juu ya mpaka wa mikoa hiyo miwili bila kuuona. Hata Kinyakyusa si kimoja: mtu wa Kukwe na mtu wa Selya wanajuana wakifungua kinywa tu. Je, mwanafunzi wa kidato cha pili anayafundishwa wapi haya yote? Hakuna. Anakariri mito mirefu ya dunia, na Lufilyo inayomwaga maji yake ziwani huko Kyela haimo katika kitabu chake.

Mipaka ya utawala nayo inamchanganya. Mkoa wa Njombe ulitoka Iringa mwaka 2012 na Songwe ukatoka kwetu mwaka 2016, hatua nzuri za kusogeza huduma, lakini watoto wanaanza kudhani lugha nazo zilihamia upande wa pili wa mstari. Mpaka mkubwa zaidi ni wa Julai 1890, Uingereza na Ujerumani zilipogawana nchi hizi na kuufanya mto Songwe kuwa ukingo. Walambya na Wandali wakabaki huku na ng'ambo, Wanyakyusa wakatenganishwa kwa mstari na ndugu zao Wangonde wa Karonga, Malawi, na Wanyamwanga wakagawanywa na mpaka unaopita Tunduma. Ramani ya nchi inaishia mtoni. Ramani ya lugha ingemwonyesha mtoto wa Ileje kwa nini shangazi yake anaishi Chitipa, Malawi, na wanaelewana bila mkalimani.

Majina nayo yana historia ambayo haijafundishwa ipasavyo. Wajerumani waliita Tukuyu Neu-Langenburg. Uwanda wa Kitulo, ambao tangu 2005 ni Hifadhi ya Taifa na watu wa huku wanauita Bustani ya Mungu, wageni waliuita kwa jina la Elton, balozi mdogo wa Uingereza aliyepita huku mwaka 1877. Ile safu ndefu inayosimama juu ya Ziwa Nyasa, vitabuni ni Milima ya Livingstone mpaka kesho. Sisemi tufute jina lolote. Nasema mtoto wa Makete aliyezaliwa kwenye mlima huo anastahili kukuta majina ya babu zake yameandikwa pembeni ya hilo la mgeni, kilele kwa kilele, bonde kwa bonde. Mlima mmoja una majina mengi kadiri unavyouzunguka, na karatasi haina nafasi ya kuyabeba yote. Ramani ya kidijitali inayo.

Kazi haianzi na sifuri. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia Mradi wa Lugha za Tanzania, kilitoa Atlasi ya Lugha za Tanzania mwaka 2009, kazi kubwa inayostahili heshima. Wataalamu wa SIL, shirika la kimataifa la utafiti wa lugha, wamefanya kazi Mbeya kwa miaka mingi wakiandaa namna ya kuandika lugha kadhaa za kwetu. Lakini atlasi ni kitabu cha maktaba, shule nyingi za kata hazijawahi kuiona, na kitabu hakitoi sauti.

Najua hofu itakayokuja kwanza mezani kwako, nami naichukulia kwa uzito: ukabila. Taifa hili lilijengwa kwa uangalifu mkubwa. Vyeo vya machifu katika utawala vilifutwa mwaka 1963, na sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuwauliza Watanzania kabila lao. Kabla ya hapo Waingereza, chini ya Gavana Donald Cameron katika miaka ya 1920, walitaka kila kabila liwe na chifu wake na eneo lake, wakalazimisha mistari mahali ambapo watu walikuwa wakioana na kuhamahama. Ramani ya namna hiyo siitaki hata kuiona, na ndiyo sababu naomba hii isiwe na mistari kabisa. Isimuulize mtu yeyote kabila lake. Iulize tu: hapa panaitwaje, na panazungumzwa lugha gani? Jibu likiwa lugha tano, ziandikwe tano.

Chukua bonde la Usangu, wilayani Mbarali. Wasangu wapo, na Utengule ya akina Merere, machifu wao, ipo. Lakini wapo pia Wasukuma na Wamasai waliofika na mifugo, wapo Wabaluchi wa Rujewa, wapo Wahehe, Wabena na Wakinga wanaolima mpunga. Ramani itakayoandika "Kisangu" peke yake juu ya bonde lote itakuwa inadanganya, na itawaumiza watoto waliozaliwa pale wakizungumza Kisukuma nyumbani. Tena Usangu ni mahali ambapo neno mpaka linauma: mwaka 2008 pori la akiba la Usangu liliingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na mjadala wa vijiji na mipaka ya hifadhi umeendelea kwa miaka. Kwa hiyo ramani itamke waziwazi, kwenye ukurasa wake wa kwanza, kwamba haimpi mtu haki ya ardhi wala haimnyang'anyi. Ardhi ya kijiji ina Sheria yake Namba 5 ya mwaka 1999. Ramani ya lugha ni ya kujifunzia.

Wala sioni ugomvi wowote na Kiswahili. Ninafundisha watoto wa kabila zote, na kinachotuunganisha uwanjani na nyumbani kwangu ni Kiswahili. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 yenyewe inazitambua lugha za asili kuwa hazina ya kukikuza Kiswahili, na inahimiza watu waziandike na kuzitunza. Tangu 2024 tunafundisha somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili. Somo hilo linahitaji vitu vya kushika, na cha karibu kuliko vyote ni mahali mtoto anapoishi.

Vifaa tunavyo. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya 2022 viligawiwa kwa walimu. Vinajua mahali vilipo, vinapiga picha na kurekodi sauti. Ipo OpenStreetMap, ramani huria ya dunia ambayo yeyote anaweza kuichangia, na inaruhusu mahali pamoja pawe na majina katika lugha nyingi. Jina la Kiswahili linakaa palipo lake, la Kisafwa linakaa chini yake, la Kinyakyusa linafuata. Katika Operesheni Anwani za Makazi watendaji wetu walipita kila mtaa, wakaweka vibao na kuingiza nyumba katika NaPA, mfumo wa kitaifa wa anwani za makazi. Watu wale wale, kwa njia ile ile, wanaweza kumwongoza mwalimu na wanafunzi wake kwa mzee anayejua kila kilima kinaitwaje. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST) kipo hapa mjini kwa upande wa teknolojia, na Mkwawa kipo Iringa kwa upande wa ualimu. Bando la intaneti ni tatizo la kweli katika shule za vijijini, lakini majina yanaweza kukusanywa bila mtandao na kupakiwa mjini mwisho wa wiki.

Kuna faida nyingine ambayo Kamati yako ya Maafa itaielewa upesi. Baada ya maporomoko ya mlima Kawetere, kata ya Itezi, Aprili 2024, hatuhitaji kuhubiriana kuhusu milima yetu. Kitongoji kisicho na jina kwenye ramani, gari la uokoaji litakitafuta kwa kuulizia njiani.

Lipo sharti moja ambalo naomba lisilegezwe. Si kila jina ni la kutangazwa. Kuna misitu ya matambiko, kuna makaburi ya machifu, kuna mahali ambapo hata sisi tuliozaliwa jirani hatupiti. Wazee wakisema hapa pasiwekwe alama, basi pasiwekwe, na asitokee mtafiti wala mwongoza watalii wa kuwashinikiza. Sauti ya mzee ni mali yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka ridhaa, na ridhaa hiyo iombwe kwa lugha anayoielewa, mbele ya mwanawe au mjukuu wake, pamoja na haki ya kubadili mawazo baadaye. Kijiji kibaki na nakala ya kila kilichorekodiwa. Tumeshuhudia wageni wakija na vinasa sauti, wakaondoka na hadithi zetu, na hakuna aliyerudi kutusomea.

Ninachohitaji kutoka kwako, Mheshimiwa, hakina gharama kubwa. Naomba waraka mmoja kupitia Afisa Elimu Mkoa unaoruhusu shule kuifanya kazi hii kama mradi wa klabu za Jiografia na Historia, kwa sababu leo mwalimu akitoka na wanafunzi kwenda kwa wazee anaulizwa kibali. Naomba maafisa utamaduni wa halmashauri waagizwe kuhakiki tahajia pamoja na wazungumzaji wa lugha husika, maana jina likiandikwa ovyo mara moja hukaa ovyo miaka mingi. Na naomba uwashirikishe wenzako wa Songwe, Njombe na Iringa, kwa kuwa kazi ikiishia kwenye mpaka wa Mbeya itakuwa imerudia kosa la atlasi zile zile. Tuanze na kata mbili tu, Igawilo jijini na Kiwira wilayani Rungwe, tuone makosa yetu tungali wadogo. Tarehe 21 Februari, Siku ya Kimataifa ya Lugha Mama, ingefaa kuwa siku ya kuwaonyesha wazee tulichokusanya, wao wakiwa wa kwanza kukikosoa kabla hakijafunguliwa kwa umma.

Haraka ninayokuja nayo ina sababu. Wanafunzi wangu wengi wanaielewa lugha ya bibi lakini wanamjibu kwa Kiswahili, na wadogo zao hata kuielewa hawaielewi. Anayejua jina la kila chemchemi kati ya Uyole na safu ya Poroto ni mtu wa umri mkubwa. Kila masika tunawazika wachache.

Nipo tayari kufika ofisini kwako siku yoyote ya kazi baada ya vipindi, pamoja na wanafunzi wawili wa klabu yetu na mfano wa ramani tulioanza kuujaza. Wana maswali yao pia, na wangependa kukuuliza wenyewe.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa Jiografia,
Mbeya